Mshenga wa Kupe

Kazini hakuna aliyemwita kwa jina lake. Aliitwa Mshenga, na jina lilimkaa barabara, maana kwa miaka ishirini na sita kazi yake ilikuwa kuwaoza kupe. Usicheke. Wapo watu wanaofuga nyuki, wapo wanaofuga kuku wa mayai, na yupo huyu mmoja aliyeamka kila asubuhi akavaa buti na koti jeupe, akaenda kuhakikisha kupe dume na kupe jike wamepatana. Watoto wake walipoulizwa shuleni baba yao anafanya kazi gani, walisema ni mganga wa ng'ombe, wakanyamaza hapo. Yeye mwenyewe hakuona aibu hata chembe.

Nyumba ya kupe ilikuwa chumba cha tofali nyuma ya kituo cha utafiti wa mifugo. Ilikuwa na milango miwili: hufungui wa pili mpaka umefunga wa kwanza. Ndani mlikuwa na meza ndefu ambayo miguu yake ilisimama ndani ya makopo ya maji, ili atakayetoroka azame, na juu yake vichupa vimepangwa safu kwa safu, vimezibwa kwa kitambaa. Kupe wenyewe walikuwa wale wakubwa wa madoadoa, wenye miguu ya milia, wanaowaletea ng'ombe ugonjwa wa maji moyo. Ila hawa wa Mshenga walikuwa safi. Ukoo mmoja, kizazi baada ya kizazi, tangu yeye ana nywele nyeusi kichwani, bila ugonjwa wowote. Ukoo ule ukikatika ndiyo basi, kwa sababu kupe wa porini huwezi kujua amebeba nini.

Na wana maringo, hao! Jike wa madoadoa hamng'ati ng'ombe hivihivi tu. Mweke juu ya ndama mnono, atazungukazunguka, kisha atashuka zake akalale na njaa. Anamngoja dume. Dume ndiye anayetangulia: anang'ata, anakunywa damu kwa wiki nzima, na akishashiba mwili wake unatoa harufu. Harufu hiyo ndiyo posa. Jike akiipata kutoka huko majanini alikojibanza, haambiwi mara mbili, anakuja mpaka ubavuni mwa dume na hapo ndipo naye anang'ata. Mshenga alipenda kuwaambia wageni, "Kwa hawa, mwanamume ambaye hajala hana la kumwambia mwanamke." Wageni walicheka, naye alicheka pamoja nao kila mara.

Miaka minne nyuma alikuja Daktari. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mwembamba, msomi wa kemia, mwenye wazo moja tu kichwani. Alitaka kuitengeneza harufu ya dume kwenye chupa, aitie katika kibandiko cha plastiki, akifunge mkiani mwa ng'ombe. Kupe wataitika, watakusanyika kwenye kibandiko. Baadaye kibandiko kile kitatiwa sumu kidogo, na mfugaji hatahitaji tena kumwogesha ng'ombe mzima katika dawa ambayo hana. Mshenga aliposikia hayo alishika kichwa. Utotoni mwake ng'ombe kumi na wanne wa baba yake walikufa ndani ya mwezi mmoja, wakianguka na kupiga miguu hewani kana kwamba wanakimbia wakiwa wamelala, na baba yake hakusema neno la maana tena mpaka anaingia kaburini. Akamwambia Daktari, "Mwanangu, hili tutalifanya hata kwa meno."

Miaka mitatu na ushee ikaishia kwenye kuitengeneza harufu, ndipo majaribio yakaanza. Ndama kumi na wawili waligawanywa mafungu mawili. Sita walifungwa vibandiko vyenye harufu, sita vibandiko vitupu, wakaachiwa malisho yaliyomwagiwa kupe, na kila asubuhi wakakamatwa na kuhesabiwa kupe mmoja mmoja. Wazo la Daktari likiwa kweli, wenye harufu watajaa kupe na wenye vitupu watakuwa na wachache tu wa kubahatisha.

Sasa hapo ndipo palipokuwa na utaratibu mkali, na huo utaratibu aliutunga Mshenga mwenyewe. Anayegusa harufu hagusi ndama wa fungu safi. Geti mbali, bomba la kuogea mbali, hata benchi la kunywea chai mbali. Daktari na msaidizi wake walishika ndama wa harufu. Fungu safi, lile la kulinganishia, alipewa mtu anayeaminika kuliko wote, naye ni nani tena? Mshenga alikabidhiwa peke yake. Chupa ya harufu hakuwahi kuinusa hata siku moja, kwani aliona hata kuinusa ni kujichafua.

Ukutani aliandika kwa mkono wake, kwa herufi kubwa nyekundu: MANUKATO MARUFUKU, SABUNI YA HARUFU MARUFUKU, MAFUTA YA NYWELE MARUFUKU. Na hakuandika kwa kujifurahisha. Palikuwa na mshika ndama mmoja, baba wa watoto watatu, aliyekuja Jumatatu moja kichwa kinang'aa mafuta. Mshenga alimnusa mlangoni.

"Umepaka nini wewe?"

"Mafuta kidogo tu, mzee. Jana tulikuwa na harusi."

"Hapa harusi ni za kupe. Toka!"

Mtu yule aliomba, akaenda kuosha kichwa mara tatu, akarudi, akaomba tena. Mshenga alimripoti. Akahamishiwa kituo kingine, mbali na mkewe na watoto, na Mshenga akala chakula chake cha mchana bila shida yoyote.

Halafu, hesabu ya kwanza haijaanza, ndama bado wanazoeshwa kushikwa, mgongo ukamsaliti. Ilikuwa asubuhi tu ya kawaida, amembana ndama kwa magoti, ndama akajirusha, na kiunoni kwa Mshenga kitu kikaachia. Alisimama amekunja uso, anahema, anamngoja mwenye maumivu yale aje ayachukue, wala hakuja mtu. Kituoni kila baada ya miezi mitatu wafanyakazi wa mazizini walipimwa, na asiyeweza kumdhibiti ndama aliondolewa. Kwake kustaafu kulibaki mwaka mmoja na ushee. Alitaka auone mwaka huo mpaka mwisho wake, avione vibandiko vikiwa mikiani mwa ng'ombe wa watu. Kwa hiyo akauma meno akanyamaza.

Mkewe ndiye aliyemnunulia dawa ya kuchua, tyubu ya kijani ya duka la dawa.

"Baba watoto, waambie hao watu kwamba unaumwa," mkewe alimwambia huku akimchua kiuno.

"Nikiwaambia, kesho nalinda geti."

"Na usipowaambia, kesho kutwa unatambaa."

"Nitatambaa, lakini ndani."

Asubuhi alipaka kiunoni na magotini. Akifika, ndani ya chumba cha kubadilishia nguo, anapaka tena, hata viganjani, kisha anavaa ovaroli anaingia kwa ndama wake. Sasa wewe msomaji umeshaona, na mimi najua umeshaona. Yeye hakuona. Mtu aliyemfukuza mwenzake kwa ajili ya mafuta ya nywele, kila siku ya Mungu alimkumbatia ndama wa fungu safi kwa mikono inayowasha dawa, na haikumpitikia kamwe, kwa sababu akilini mwake ile ilikuwa dawa. Manukato ni starehe. Dawa ni dawa.

Na nani angemwambia? Alikuwa peke yake upande ule, kwa utaratibu wake mwenyewe, katikati ya mavi na mikojo ya ndama. Akimaliza anaoga kwa sabuni ya kufulia ndipo anapeleka hesabu. Daktari naye alishinda na vichupa vyake mpaka pua ikazoea. Kama aliwahi kupata harufu kidogo kwa mzee, alidhani inatoka kwake yeye mwenyewe.

Jaribio la kwanza lilikwisha. Ndama wa harufu walikutwa na kupe mia mbili na kumi na wawili. Ndama wasio na harufu, mia moja tisini na wanane. Daktari aliangalia zile namba, akaangalia tena.

"Mzee wangu, una hakika na hesabu?"

"Daktari, mimi kupe nawajua kwa sura."

Wakarudia. Mara ya pili fungu safi ndilo lililozidi. Daktari alikonda, akaanza kusema peke yake akitembea. Alibadilisha vibandiko, alibadilisha vipimo, akahamisha malisho. Mshenga alimhurumia kwa moyo wake wote, na kadiri alivyomhurumia ndivyo alivyozidi kujitahidi: aliwahi zaidi, aliwashika ndama vizuri zaidi, na kiuno kilipouma zaidi alipaka zaidi. Mara ya tatu namba zililingana karibu sawasawa. Daktari aliketi chini kwenye sakafu ya nyumba ya kupe, na koti lake jeupe, akalia kwa sauti. Mshenga alisimama pale mikono inaning'inia, hajui aiweke wapi.

Mkurugenzi hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa makaratasi, na makaratasi yalisema miaka minne imepita na harufu haiwaiti kupe. Barua ikaja Jumatano. Utafiti usitishwe. Nyumba ya kupe ifungwe Ijumaa, chumba kipewe idara ya chanjo, na kupe wote wateketezwe kwa maji ya moto.

Daktari alitaka kumwajiri kibarua afanye kazi ile. Mshenga akakataa. "Hawa nimewalea mimi," alisema. "Wasije kufia mikononi mwa mtu anayewachukia."

Ijumaa asubuhi akawasha jiko la umeme, akachemsha maji kwa mabirika mawili kwa zamu. Alifungua kitambaa cha kichupa cha kwanza, akamimina. Wadogo hawakuchukua hata sekunde. Wakubwa walikunja miguu yao ya milia wakaelea juu. Akaenda safu kwa safu, mayai, watoto, wazima, waliokula na wasiokula, miaka ishirini na sita inamwagwa kwenye ndoo. Mikono ilifanya kazi, machozi nayo yakafanya yake, yakashuka mpaka ndevuni wala hakuyafuta. Kufikia saa nne alibakiwa na trei moja tu ya kioo, ile pana ya kuangalizia kupe wakitembea, yenye wazima ambao hawajala. Aliijua idadi yao: sitini na mmoja.

Kiuno kilikuwa kimemkatika kwa kunyanyua birika. Akajisemea, leo nani atanikataza? Akatoa tyubu mfukoni, akapandisha shati, akajichua palepale ndani ya nyumba ya kupe, halafu akajifuta vidole kwa kitambaa. Kitambaa akakiacha ukingoni mwa trei, akaketi kungoja maji yachemke.

Aliponyanyua macho, kupe walikuwa wanatembea, wote upande mmoja.

Kwanza alifikiri wanamfuata yeye, akapata uchungu wa kijinga, akawaambia, "Nisameheni, wanangu." Lakini yeye alikuwa mshenga, jamani, hakuwa mtalii. Alijua kupe huifuata pumzi ya mtu. Akainuka, akahamia upande wa pili wa meza, akawapulizia pumzi kwa makusudi. Wachache waliyumba. Waliobaki waliendelea kuelekea kwenye kitambaa. Wakakipanda. Na walipofika juu yake hawakuzunguka wala hawakushuka. Walitulia. Majike wale wenye maringo, ambao hawamkubali hata ndama bila dume aliyeshiba, walikaa juu ya kitambaa wakainamisha vichwa kutafuta mahali pa kung'ata.

Ndani ya trei ile hakuna dume aliyekuwa amekula. Sasa nani alikuwa anawaita?

Akachukua kitambaa kingine, kisafi, akakiweka kona nyingine. Hakuna aliyekijali. Akakipaka dawa kidogo kutoka kwenye tyubu. Hazikupita dakika tano wakaanza kukiendea. Mshenga aliigeuza ile tyubu, akatafuta miwani, akasoma maandishi madogo ya nyuma ambayo kwa miezi minane hakuwahi kuyasoma: methili salisileti. Jina hilo alilijua. Alilisikia mara mia Daktari akiwaeleza wageni vitu vilivyomo katika harufu ya dume, na hilo halikukosekana hata mara moja.

Alishika ukingo wa meza, na sauti iliyomtoka haikuwa neno. Namba zote zile, mia moja tisini na wanane, na fungu safi lililozidi, alikuwa ni yeye. Harufu ilikuwa inawaita kupe tangu siku ya kwanza. Daktari alikuwa sahihi tangu siku ya kwanza. Ndama wa fungu safi hawakuwa safi hata asubuhi moja.

Birika likaanza kupiga filimbi.

Sikiliza, hakuna aliyekuwa anamwona. Trei ilikuwa moja. Birika moja lingetosha, na siri ingeishia kwenye ndoo pamoja na wengine. Miezi mitano angestaafu kwa heshima, angepigiwa makofi ukumbini, Daktari mwenyewe angesema maneno mazuri juu yake. Akichukua trei hii akaenda kusema, yeye ndiye mzee aliyeharibu miaka minne ya mtoto wa watu, aliyedanganya kwenye vipimo vya afya, aliyefanya kosa lilelile lililomfanya mwenzake ahamishwe, tena mara elfu. Alilishika birika, akalinyanyua juu ya kioo, na kiuno kikamuuma hivi kwamba birika likatetemeka na tone moja likadondoka. Likamwangukia jike mmoja mguuni. Jike akakunja mguu ule, akabaki hapohapo kwenye kitambaa, amekishikilia kile alichodhani ni dume.

"Potelea mbali," Mshenga akasema kwa sauti, akalirudisha birika jikoni na kulizima.

Akafunika trei kwa kioo, akazungushia utepe wa gundi, akaibeba. Kutoka nyumba ya kupe hadi ofisi ya Mkurugenzi ni uwanja mzima, na kila hatua aliyopiga ilimchoma mpaka kisogoni. Alitembea ameinama upande, mdomo wazi, hakujaribu kuficha. Watu wa chanjo walisimama kumwangalia. Mmoja aliuliza, "Mshenga, una nini?" Alizidi kusonga.

Daktari alikuwa ofisini, kalamu mkononi, barua ya kufunga utafiti iko mbele yake. Mkurugenzi aliona trei akasogeza kiti nyuma mpaka ukutani.

"Mzee, hivyo ni vitu gani? Visije vikatoka hapa!"

"Usitie saini, Daktari," Mshenga alisema. Akaiweka trei mezani juu ya makaratasi, akaiweka tyubu pembeni yake. "Ni mimi. Mgongo wangu ni mbovu miezi minane sasa. Nimekuwa nikijipaka hii kila asubuhi na kuwashika ndama."

Daktari alimwangalia bila kuelewa. Kisha aliangalia kitambaa ndani ya trei, kupe walivyojaa juu yake. Kisha akachukua tyubu, akaigeuza, akasoma. Mshenga aliuona uso wake ukibadilika, na katika maisha yake yote hakupata kuona kitu kilichomuuma vile.

"Mzee wangu," Daktari alisema polepole. "Kila asubuhi?"

"Kila asubuhi."

"Jaribu kukumbuka vizuri." Sauti yake ilianza kupanda. "Hapakuwa na siku umesahau? Siku umeishiwa? Mzee wangu, nikipata siku kumi tu ambazo hukupaka, ninaweza kulinganisha. Nina hesabu za kila siku. Siku kumi tu!"

Mshenga alizijua hesabu zile. Alizijua siku ambazo kupe walikuwa wachache kwa sababu ya mvua au jua kali. Angeweza kuzitaja moja baada ya nyingine, na Daktari angezipokea, maana macho yake yalikuwa yanamsihi azitaje.

"Nimekudanganya kwa mgongo miezi minane, mwanangu," alisema. "Usinitume nikudanganye na kwa mdomo. Hakuna siku niliyoacha."

Daktari aliupiga mlango wa kabati kwa kiganja, mara moja, mara mbili. "Ulimfukuza mtu kwa mafuta ya nywele!" alipiga kelele. "Ya nywele! Mimi nikalala na namba zako, nikaamka na namba zako, nikajiona mjinga, nikamwandikia mama yangu kwamba nimepoteza ujana wangu kwa kitu ambacho hakipo!"

"Najua."

"Hujui! Hujui chochote!"

Mkurugenzi alikohoa. Akaitazama trei kwa mbali, shingo imenyooshwa, na polepole hofu ikamtoka. Aliuliza swali moja la maana: je, hii inaonyesha kwamba harufu inawaita? Daktari akafuta macho kwa mkono wa koti, akasema ndiyo, lakini lazima jaribio lirudiwe upya, na mtu mwingine.

"Na kupe wa kurudia?"

Hapo wote wawili walimgeukia Mshenga.

"Ni hawa," alisema. "Wengine wote nimewaua leo asubuhi."

Daktari aliketi. Alianza kuhesabu kupitia kioo, kidole kikitembea juu yake, na Mshenga akamwokoa na kazi ile. "Majike hamsini na sita. Madume watano."

Watano tu. Wasipong'ata hao, hakuna harufu. Pasipo harufu, hakuna jike atakayekula, na asiyekula hatagi. Ukoo wa miaka ishirini na sita ulibaki mikononi mwa madume watano wenye njaa ya muda mrefu.

Mkurugenzi alitoa uamuzi kabla ya saa sita. Daktari apewe miezi minane mingine. Mzee aandike maelezo kwa mkono wake, atie saini, aondoke leo hii, na asikanyage tena zizini wala nyumba ya kupe. Mshenga aliandika. Hakuweka neno la kujitetea, na hata la mshika ndama yule aliliandika, kwamba arudishwe.

Alipotoka, Daktari alikuwa amekwisha kuingia ndani na trei. Mshenga alizunguka mpaka kwenye dirisha la wavu, akasimama hatua kadhaa, akaanza kusema. Wakate manyoya ya ndama mgongoni, wagundishe mfuko wa kitambaa. Madume watangulie peke yao. Wasiwaguse kwa vidole, vidole vina jasho. Wawaachie siku saba, nane hata, wasichungulie kila saa. Majike wasiwekwe kabla, wakiwekwa mapema watachoka na kufa. Daktari aliandika bila kunyanyua kichwa wala kuuliza kitu. Alipofunga daftari alifunga na dirisha.

Nyumbani mkewe alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mimi ndiye niliyeinunua." Akaenda jikoni akakaa huko muda mrefu. Hawakulaumiana. Walikosa hata nguvu ya kulaumiana.

Mshenga alilala chali akihesabu siku darini. Siku ya kwanza hadi ya tatu alikataa kupaka dawa, akajikunja kitandani akiuma shuka. Siku ya nne mkewe alimpaka kwa nguvu, na yeye akainusa harufu ile iliyokuwa imewaita kupe wake, akageuzia uso ukutani. Siku ya saba alimpigia Daktari simu, haikupokelewa. Siku ya nane akapiga tena. Ya tisa aliacha kula. Akamwambia mkewe, "Wamekufa. Nimewamaliza wote, mama watoto. Hata wale watano." Mkewe alimshika mkono tu, kwa kuwa hata yeye aliamini hivyo. Siku ya kumi ikapita na hakuna aliyekuja.

Siku ya kumi na moja, asubuhi, mkewe aliita kutoka uani. Mshenga akatoka akishika ukuta, mguu huu baada ya huu, shati limelowa dawa mgongoni. Langoni alisimama Daktari, na buti zake za kazi zenye matope, amekonda zaidi ya siku ile, nywele hazijachanwa.

Alipomwona mzee alivyopinda, Daktari alisahau kila kitu. Alisukuma lango akaingia mbiombio, mikono ameinyoosha.

"Simama hapohapo!" Mshenga alimkemea kwa sauti aliyokuwa akiitumia mlangoni mwa nyumba ya kupe. "Nimepaka. Unatoka kwao?"

Daktari alisimama. Mikono yake ikabaki hewani kidogo kabla ya kuishusha. "Natoka kwao. Na narudi sasa hivi."

"Basi sema ukiwa hapo."

"Madume wawili walikufa," Daktari alisema. "Watatu waling'ata. Jana jioni nimeweka majike. Mzee wangu, leo asubuhi nimekuta arobaini na tisa wamekaa. Wamewazunguka wale watatu, wameng'ata, hawatoki."

"Arobaini na tisa."

"Arobaini na tisa."

Mshenga alifunika uso kwa viganja, na harufu ya dawa ikampanda machoni, akalia bila kujua kipi ni dawa na kipi ni furaha. Daktari naye alikuwa analia, hatua kumi kutoka kwake, na mke wa Mshenga katikati yao hajui amwendee nani.

"Nilikuja kukuomba msamaha kwa yale maneno," Daktari alisema, na bila kufikiri akapiga hatua mbele.

Mshenga aliinua kichwa, akaangalia nguo zilizoanikwa kwenye kamba ya uani zilivyokuwa zikipepea kuelekea langoni.

"Rudi nyuma, Daktari," alisema. "Upepo unatoka kwangu."

Daktari akarudi nyuma, akatoka nje ya lango na kulifunga.